Tangi la maji moto lita 50 na chuma cha kushikia chooni: ukuta ni matofali na udongo, nifunge vipi?

Mwalimu_Bombo

Assalaam alaykum ndugu zangu, na wengine wote habari zenu.

Niko Bombo, Uganda, kwenye nyumba ya marehemu baba. Aliijenga kidogo kidogo miaka ya tisini kwa matofali ya kuchoma, lakini yameunganishwa kwa udongo, si kwa saruji. Baadaye ikapigwa plasta nje na ndani, ikapakwa rangi, na ukiitazama huwezi kujua. Mama yumo humo. Magoti yamemshika. Asubuhi za mvua maji baridi yanamtesa, na akikaa chooni hawezi kuinuka mpaka mmoja wa wajukuu ampe mkono. Mchana watoto wako shule, nami niko kazini.

Tumeshanunua tangi la kuchemshia maji la lita 50, la kutundika ukutani, na chuma cha kushikia cha sentimita 60 cha kuweka kando ya choo.

Fundi alikuja na drili. Alitoboa, akaingiza plagi za plastiki zilizokuja ndani ya katoni, akakaza skrubu. Alipokivuta kile chuma kwa mkono mmoja kikatoka na plasta yake, pande zima pana kuliko kiganja. Ndani ya tundu mlikuwa na vumbi jekundu na udongo wa kahawia. Akasema achonge vipande vya mbao avigonge humo ndani, kwamba nyumba za zamani ndivyo zinavyofungwa. Nikamwomba asiendelee.

Ukuta ninaotaka kutumia ni wa nje, upande wake wa pili ni uani. Nilipima kwenye dirisha, unene ni karibu sentimita 26 pamoja na plasta zote mbili. Sakafu ya bafu ni zege. Juu ya dirisha kuna lenta ya zege, lakini sijui kama inazunguka nyumba nzima.

Naomba kujua: kuna namna ya kufunga vitu hivi vikashika kwelikweli? Au nirudishe tangi dukani? Na mbao za kugongwa ndani zinafaa?

Kisenyi_256

Dada, plagi za kwenye katoni zitupe, hizo ni za ukuta wa zege. Njoo mjini Kampala, maduka ya vifaa vya ujenzi karibu na Nakivubo yana bolti za chuma za kutanuka, za milimita 10 au 12. Ukiikaza inajifungua ndani ya tundu, haitoki tena. Kuna pia gundi ya kemikali ya kusukumia ndani ya tundu kwa bunduki yake, ghali kidogo, lakini inashika kama sehemu ya ukuta. Sisi kwenye jengo letu tumefungia mashine nzito za hewa baridi kwa hizo.

Mwashi_Walukuba

Mwalimu, umefanya vyema kumsimamisha huyo fundi. Mimi ni mwashi, nimezeeka na kazi hii hapa Walukuba, Jinja, na kuta za aina yako nimezifungua nyingi mpaka ndani. Nitakuandikia kwa urefu. Naomba unisome polepole, na umsomee na fundi atakayekuja.

Nianze na chuma cha mama, kwa sababu hicho ndicho kizito kuliko tangi, ingawa kwenye mizani tangi linakishinda mbali. Tangi limekaa tu. Chuma cha kushikia hukaa mwaka mzima kikivutwa kidogo kidogo, halafu siku moja mama anateleza na maji ya sabuni, anakidaka kwa uzito wake wote na kwa kishindo. Siku hiyo ndiyo kimefungiwa. Mtu aliyeshika kitu anachokiamini hajiandai kuanguka, na kikichomoka mkononi anaanguka vibaya kuliko ambaye hakushika chochote. Kwa hiyo mimi chuma cha mgonjwa sikifungi kwa plagi kwenye ukuta wa udongo. Hata nikiambiwa plagi imeshika leo.

Sasa ukuta wako. Fundi wako alifunga kwenye plasta, hakufika ukutani. Plasta ina sentimita moja na nusu, mahali pengine mbili na nusu, kwa sababu tofali letu la kufyatua kwa mkono halinyooki na mwashi hulinyoosha kwa plasta. Plagi fupi ya sentimita nne au tano inamaliza karibu nusu ya urefu wake humo, na kilichobaki kinashika ngozi ya tofali. Tena plagi yoyote hushika kwa kutanuka: skrubu inaingia, plagi inasukuma pembeni, na ule ukinzani wa pembeni ndio unaoizuia kutoka. Tofali lililoiva vizuri linakinza. Tofali lililoiva nusu linasagika likawa unga. Udongo wa kuunganishia unasogea tu, unaipisha plagi njia.

Na matofali yako hayafanani, hata kwenye ukuta mmoja. Tanuru letu ni rundo la matofali yenyewe, yamepangwa, kuni zinawaka chini. Yaliyo katikati huiva, ukiyagonganisha yanalia. Yaliyo pembeni na juu hutoka na rangi ya machungwa, laini, unaweza kuyachora kwa msumari. Baba yako, Mungu amrehemu, alijenga kidogo kidogo, maana yake alinunua lori la mwaka huu na lori la mwaka mwingine, kila moja na tanuru lake. Usidhani tatizo ni umri wa nyumba. Hapa Jinja, Main Street, kuna majengo ya Wahindi ya kabla ya uhuru ambayo drili inalia ukiyatoboa. Tatizo ni kiungo na moto wa tanuru.

Ndugu wa Kisenyi, sikupingi kwa ubaya. Bolti ya kutanuka ni kitu kizuri sana kwenye zege, kwenye nguzo, kwenye lenta. Lakini inatanuka kwa nguvu kuliko plagi ya plastiki, na ndani ya tofali laini nguvu hiyo inalipasua tofali kutoka tumboni. Ufa wenyewe umejificha nyuma ya plasta, fundi anakaza, anaona imeshika, analipwa, anaondoka. Gundi ya kemikali nayo inataka tundu safi, lililopigwa brashi na kupulizwa mpaka vumbi liishe. Kwenye tofali linalotoa unga kila ukiligusa, gundi inashika unga. Na ikiangukia kwenye kiungo cha udongo imeshika udongo.

Vipande vya mbao: hapana. Najua vimetumika miaka mingi. Mbao ndani ya ukuta wa bafu hunywa unyevu ikavimba, kiangazi ikasinyaa, na skrubu inabaki inacheza. Na huku kwetu mchwa hawaachi mbao laini iliyofichwa ukutani. Ukitaka kutumia mbao, iwe nje ya ukuta mahali unapoiona, na iwe mvule.

Kabla ya kununua chochote, upime ukuta. Mwambie fundi atumie biti nyembamba ya milimita 5 au 6, na azime kile kigongo cha drili, izunguke tu bila kupiga. Kwenye tofali laini kigongo kinapanua tundu likawa la yai, halitafaa tena. Aende taratibu, wewe tazama vumbi. La kijivu ni plasta. Jekundu lenye kukwaruza, na biti inasukumwa kwa shida, ni tofali zuri. Rangi ya machungwa na biti inaingia kama kwenye muhogo uliopikwa, ni tofali bichi. Kahawia na biti inazama ghafla, umeingia kwenye kiungo. Tundu dogo namna hiyo linazibwa kwa kidole na saruji kidogo, usione huruma ya kutoboa mengi. Chora kwa chaki kila mahali palivyojibu. Ukimaliza utaona mistari ya matofali yote bila kubandua plasta.

Sasa kufunga. Una bahati kubwa: upande wa pili ni uani, unaweza kuufikia. Basi usitegemee ukuta ushike kitu kwa ndani yake. Uupitie moja kwa moja.

Nunua fimbo ya chuma yenye hesi mwanzo hadi mwisho, milimita 12. Huuzwa kwa mita, na fundi hukata urefu anaoutaka. Kwako kila kipande kiwe sentimita 32 hivi kwa chuma cha mama, kirefu zaidi kidogo kama utaongeza mbao juu ya ukuta. Nje, nyuma ya ukuta, weka chuma bapa cha unene wa milimita 6, upana wa sentimita 10, urefu wa kutosha kuunganisha bolti mbili kwa pamoja na kuzidi kila upande. Nati na washa kubwa. Hapo mama akivuta chuma ndani, hakivutwi na tundu, kinavutwa na bapa lililokumbatia matofali kadhaa kwa nyuma. Ili kitoke lazima kitoke na kipande cha ukuta.

Kutoboa: anza na biti nyembamba ndefu kutoka ndani, ukiwa na pima maji (kile kifaa cha kupimia usawa) mkononi ili isiende upande, ndipo upanue kwa biti ya milimita 14. Ikibaki sentimita mbili tatu, toka nje umalizie kutoka uani, la sivyo plasta ya nje itaruka yote. Kaza mpaka nati ikae, halafu robo mzunguko, basi. Ukuta wa udongo ukikazwa kwa hasira unabonyea na plasta inapasuka. Baada ya wiki rudi ukaze tena kidogo, kwa sababu utakuwa umejikalia.

Kwa chuma cha mama naongeza jambo moja ambalo usiliache: mguu. Mwambie fundi wa kuchomelea akiongezee bomba linaloshuka mpaka sakafuni, na sahani yake chini, ifungwe kwenye zege. Hapo ndipo ile bolti ya kutanuka ya ndugu wa Kisenyi inapofaa, mradi zege ya sakafu iwe na sentimita 10 au zaidi. Sakafu nyingi za nyumba za kujijengea ni nyembamba, toboa pembeni upime kwa waya. Ikiwa nyembamba, vunja kisima kidogo cha sentimita 30 kwa 30, kina sentimita 30, mimina zege na bolti zikiwa ndani.

Tangi nalo. Lita 50 ni kilo 50 za maji. Chombo chenyewe ongeza 15 hadi 20. Hesabu 70. Na haliushushii ukuta mzigo tu. Tumbo la tangi limetokeza, uzito wake uko sentimita 20 na kitu mbele ya ukuta, kwa hiyo linataka kuinama, na bolti za juu zinavutwa nje usiku na mchana. Kwenye ukuta wa zege hilo halina neno. Kwako mimi ningelichomelea kiti cha chuma cha engo (chuma chenye umbo la L), milimita 40 kwa 40, unene 4, chenye miguu inayofika sakafuni. Tangi lining'inie kwenye kiti hicho, uzito uende sakafuni, na ukuta ushike jambo moja tu: kiti kisiangukie mbele. Hapo bolti mbili za kupita ukuta kwa juu zinatosha. Mafundi wa Katwe wanatengeneza, lakini huna haja ya kwenda Kampala, mchomeleaji yeyote wa Bombo au Wobulenzi anayetengeneza madirisha ataweza.

Usirudishe tangi dukani.

Toro_Mlimani

Naongeza kutoka Fort Portal. Huku ardhi hutikisika. Wazee wanakumbuka 1966, na sisi tuliokuwa wadogo tunakumbuka Februari 1994. Kuta zilizounganishwa kwa udongo ndizo zilizolegea haraka. Mzigo wowote mzito ukutani, tangi, kabati, televisheni kubwa, usiwe juu ya kitanda wala juu ya mahali mtu anapokaa. Bombo ni mbali nasi, lakini mwalimu, tangi lisikae juu ya choo cha mama. Likae upande mwingine wa bafu.

Binti_Arua

Mzee wangu wa Walukuba, shikamoo. Mimi ukuta wangu ni wa ndani, kati ya jiko na chumba, matofali mabichi yasiyochomwa kabisa, na ninataka kabati la vyombo. Kupita upande wa pili siwezi, chuma kitaonekana chumbani kwa wageni.

Mwalimu_Bombo

Mzee, Allah akuzidishie. Nimemsomea mama, amecheka aliposikia kwamba chuma chake ni kizito kuliko tangi. Nimetoboa na kijana wa jirani kama ulivyosema. Matofali ya chini ni mekundu na magumu. Kuanzia kifuani kwenda juu ni ya machungwa. Sikujua kabisa.

Nina maswali. Lile bapa la nje litanyeshewa, je halitapata kutu na maji kuingia ukutani? Chuma kikae urefu gani kutoka sakafuni, maana kila mtu hapa nyumbani ana lake. Na kaka yangu anasema tuache tangi tuweke kile kichwa cha bafu kinachochemsha maji palepale, chepesi, hakihitaji bolti kubwa. Yuko sahihi?

Mwashi_Walukuba

Marahaba, binti wa Arua. Wako ni mwepesi kusema, mgumu kuusikia: kwenye tofali bichi usitundike kabati la vyombo. Lisimame sakafuni kwa miguu yake, na juu lifungwe kamba au ukanda wa chuma kwenye mbao ya paa lisipinduke. Kama lazima liwe juu, pitisha bolti na chumbani ufunike bapa kwa ubao mzuri wa mvule uliopigwa msasa na vanishi, uweke na ndoano za nguo. Mgeni ataona pa kutundikia koti. Kuna njia ya tatu, ya kutoa tofali zima, moja baada ya jingine, na mahali pake kumimina zege yenye bolti iliyopindwa mkia, ukaimwagilia siku 7 na usiipe mzigo kabla ya mwezi. Nimeifanya mara nyingi kwenye tofali la kuchoma. Kwenye bichi siipendi, ukuta unalegea pembeni ya zege.

Ndugu wa Toro, ahsante. Lako nimelichukua.

Mwalimu, majibu yako.

Kutu: bapa na bolti zipakwe rangi nyekundu ya kuzuia kutu mara mbili kabla hazijaguswa na ukuta, mgongo na uso, na ncha zilizokatwa pia. Rangi ya nyumba juu yake baadaye. Tundu lielekee nje kwa kushuka kidogo sana, ili maji yakiingia yarudi uani, yasije bafuni. Ukishalifunga bapa, paka silikoni juu na pande mbili. Chini uache wazi. Mafundi wengi huziba pande zote nne kwa nia njema, na maji yaliyopenya yanakosa pa kutokea, yanaulainisha ule udongo wa kiungo. Na hilo ndilo adui mkubwa wa nyumba yako kuliko uzito wowote. Kwa hiyo tazama pia bomba za bafu: kivujo kidogo ndani ya ukuta wa udongo kitakula mwaka mzima kimyakimya. Bomba za tangi zipite nje ya plasta, zikionekana, usikubali zichimbiwe.

Urefu wa chuma: usipime kwako, wala usisikilize kila mtu hapo nyumbani. Mkalishe mama chooni, amevaa nguo zake, mwambie ainuke kama anavyoinuka siku zote, na umtazame mkono unakokimbilia. Weka alama ya chaki pale pale. Mwenye magoti mabovu mara nyingi hupenda kusukuma chini kuliko kuvuta mbele, na huyo anahitaji chuma cha kulala karibu na usawa wa kiwiko chake akiwa amekaa. Wengine wanavuta, hao huhitaji chuma kilichosimama au kilichoinama, mbele kidogo ya magoti. Mama ndiye ajuaye, si mimi. Unene wa bomba uwe milimita 32 hadi 40, vidole vizunguke. Nafasi kati ya bomba na ukuta sentimita 4 au 5, isizidi, kwa sababu ikiwa pana mkono unateleza nyuma yake na mfupa unavunjika.

Kikishafungwa, fundi mwenyewe akijaribu. Asivute kwa vidole. Afunge kamba, akae chini kwa uzito wake wote, ajirushe nyuma. Wewe simama uani utazame lile bapa. Likisogea hata kidogo, kazi haijaisha.

Sasa kaka yako. Kwa uzito yuko sahihi. Kile kichwa ni chepesi na skrubu za kawaida kwenye tofali gumu zinakitosha. Lakini aangalie umeme. Vingi vya namna hiyo huvuta kilowati 5 hivi, na kwa volti 240 hiyo ni zaidi ya ampea 20 kwa wakati mmoja. Tangi la lita 50 mara nyingi ni kilowati moja na nusu, ampea 6 na kitu. Nyumba iliyojengwa kidogo kidogo ina nyaya zilizovutwa kidogo kidogo pia, na waya mwembamba ukibebeshwa ampea 20 unapata moto ndani ya ukuta. Mkichagua kichwa, waya wake utoke moja kwa moja kwenye boksi la umeme, mnene, na kikata umeme chake peke yake. Kuhusu gharama, kupasha lita 50 kutoka kwenye ubaridi wa bomba hadi moto kamili wa tangi ni yuniti mbili hivi za Yaka, ule umeme wa kulipia kabla. Mama akioga ndoo moja, si lazima tangi liwashwe mchana kutwa.

Kwa lolote mtakalochagua, umeme usifungwe na mwashi wala na mchomeleaji. Tafuta fundi umeme mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme, umwombe akuonyeshe. Waya wa ardhi uwepo na upimwe. Maji na umeme chumba kimoja, na mwenye kuoga ni mama.

Kisenyi_256

Mzee, nimekubali kuhusu matofali. Nina langu: sisi tuko ghorofani, juu yetu ni ile dari ya maxpan, vyungu vya mfinyanzi vyenye uwazi na zege katikati. Nataka kutundika feni. Fundi alitoboa, drili ikazama, kukawa hewa tupu. Weebale ssebo, ahsante bwana.

Mwashi_Walukuba

Alitoboa tumbo la chungu. Hapo feni usiitundike, hata kwa zile bolti zenye mabawa yanayofunguka ndani. Bolti hizo zinabeba taa vizuri, lakini feni inazunguka na kutikisika miaka, na ukuta wa chungu ni mwembamba, unakatika polepole.

Kati ya mistari ya vyungu kuna mbavu za zege zenye nondo. Huko ndiko. Kuzipata: tazama dari asubuhi baada ya mvua au jikoni kukiwa na mvuke, mara nyingi mbavu huonekana kama mistari ya rangi tofauti chini ya plasta. Kama haionekani, toboa vitundu vya milimita 5 kwa mstari mmoja ulionyooka, sentimita mbili mbili. Ukishapita hewa ukakuta vumbi la kijivu gumu mfululizo, umefika ubavuni. Toboa katikati ya ubavu. Ukigonga nondo, simama, usiikate, sogea kandokando mwa ubavu huo huo. Ikiwa feni haitakuwa katikati ya chumba kwa sababu hiyo, isiwe. Au pitisha chuma bapa kutoka ubavu hadi ubavu, ukifungie pande mbili, na feni ining'inie katikati ya bapa. Bolti ya kutanuka ni halali yako hapo.

Mwalimu_Bombo

Mchomeleaji wa hapa Bombo amekuja kupima. Kiti cha engo kitakaa pembeni ya mlango, mbali na choo. Mama amekalishwa, chaki imewekwa: anasukuma chini, kama ulivyosema, mkono wa kulia. Chuma kitakuwa cha kulala, na mguu wake. Matofali ya hapo ni yale mekundu, alhamdulillah.

Swali la mwisho, mzee. Tukishafunga, kuna utaratibu wa kuliwasha tangi? Kaka anataka kuwasha siku hiyo hiyo.

Mwashi_Walukuba

Asiwashe siku hiyo hiyo, asubiri kesho yake, na iwe kwa mpangilio. Kwanza tangi litundikwe tupu, nati zikazwe. Fungua bomba la maji ya moto bafuni, ndipo ufungulie maji yaingie tangini. Hewa itatoka ikikohoa. Subiri mpaka maji yatoke mfululizo bila hewa, ufunge. Sasa lina kilo zake zote. Liache usiku kucha limejaa, umeme ukiwa umezimwa bado. Asubuhi weka pima maji juu ya kiti na utazame bapa uani na miguu sakafuni. Ikiwa kila kitu kiko palepale, ndipo kaka awashe, maana tangi likiwashwa bila maji kipashio kinaungua, na kaka kwa haraka yake anaweza kulisahau hilo.

Kuna kivalvu kidogo kwenye bomba la maji baridi chini ya tangi, kina kijimdomo. Maji yakipashwa hutanuka, nacho kitadondosha matone. Hicho si kivujo. Asije mtu akakiziba au kukifunga kwa mpira, kinalinda tangi lisipasuke. Kifungie kipira chembamba kinachoshuka hadi kwenye mfereji wa sakafu, kisidondoshee ukuta wala mahali mama anapokanyaga.

Msalimie mama. Mwambie chuma akijaribu yeye mwenyewe, wewe ukiwa umesimama karibu naye, kabla ya kuachwa nacho peke yake.